Kigari cha Nyapara Kinaomba Ruhusa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kusukuma toroli la zege. Kigari cha umeme anachopanda nyapara kimekataa kwenda kazini.

Hakikuharibika! Hilo ndilo linalonitoa jasho. Magurudumu yote matatu mazima. Betri imejaa pomoni. Mota haina hata kikohozi. Ila kigari hiki, kabla ya kutembea, huomba ruhusa kwenye simu ya nyapara, na simu huomba ruhusa kwa kampuni iliyokiunda, na kampuni hiyo imefunga duka na kuzima kompyuta zake. Basi. Mtu asiyetujua, huko aliko, amebonyeza swichi, na nyapara wetu anatembea kwa miguu. Nilibaki mdomo wazi mpaka vumbi la saruji likaingia.

Ghala tunalojenga ni refu, mwendo wa dakika tano kutoka ncha hadi ncha. Nyapara ana goti bovu. Kufika saa nne alikuwa amemfokea kila mtu, hata winchi.

Na fomu yangu ya likizo inasubiri saini yake! Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa, saa sita mchana. Asiposaini, nangoja mwaka mwingine. Binti yangu nilimwacha tumboni, sasa ana miaka mitatu. Juzi kwenye simu alimwuliza mama yake kama baba ana miguu, maana yeye huona kichwa tu.

Nikamfuata nyapara. Nikamwambia, mzee, mimi nitakitengeneza. Akanitazama kuanzia kofia mpaka buti. Akauliza si wewe yule wa toroli? Nikasema ndiye. Akasema haya, kikitembea kabla ya Ijumaa saa sita, anasaini. Kisipotembea, nisimpitie mbele mpaka ghala liezekwe.

Shule niliiacha darasa la sita. Lakini mambo ya umeme nayasoma kwenye simu kila nikioga nikala. Msimamo wangu ni mmoja: kitu usichoweza kukifungua si chako, umekiazima tu.

Jumanne, 4 Machi

Skrubu kumi na tisa. Vichwa vyake vina tundu la nyota, na katikati ya nyota kuna chunusi. Nani anatengeneza nyota yenye chunusi? Mtu anayekuchukia! Nilichonga bisibisi kutokana na msumari wa inchi sita, saa nzima ya chakula, nikashinda njaa.

Nikafungua. Nikapiga yowe. Ndani hakuna cha kuona! Bodi inayoendesha mota wameizamisha kwenye gundi nyeusi ngumu kama lami, wameizika nzima nzima, isije ikasomwa. Hata marehemu huandikiwa jina juu.

Bwana Cheti akaja kuangalia. Huyu ni fundi umeme wa hapa kazini. Cheti chake kimepakwa plastiki, na anakibeba kwenye begi popote aendako, hata bafuni. Akasema ndugu yangu, ukichezea hicho utamwua mzee wa watu. Nikamjibu sichezei, nakomboa. Alicheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji.

Hajui nina nini sandukuni. Nina bodi yangu, kifaa huria! Mchoro wake uko wazi mtandaoni, kila waya una jina, kila mtu ana ruhusa ya kuunda, kunakili na kurekebisha. Niliiweka kwa ajili ya baiskeli ya umeme nitakayojiundia siku moja. Naitoa. Mtoto kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Tunalala wanane kwenye kontena moja. Nikabandika mchoro ukutani. Nikatangaza kwamba mradi huu ni huria, mwenye wazo la kuuboresha aje. Nilidhani watapiga makofi tu. Wakauboresha!

Mfunga nondo alisikitika kuona nyaya zinaning'inia ovyo. Akazikusanya, akazifunga kwa waya wake wa kufungia nondo, kila baada ya shubiri moja, akakaza kwa koleo. Nadhifu kama nguzo ya daraja. Nikashangaa, mtu ametoka kufunga vyuma jua lote, na bado ana moyo wa kufunga.

Seremala akasema kile kiti ni cha mtoto, nyapara ana mwili. Akaunda kiti cha mbao chenye mahali pa kuegemeza mikono. Kimekaa kama cha hakimu. Akakigongelea misumari, hakitikisiki.

Bwana Cheti, mlangoni, mikono mfukoni, akauliza breki iko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba breki ya zamani ilikuwa mtumwa wa ile programu ya simu, nimeikata. Ukiachia mkono wa mwendo, kigari kinasimama chenyewe. Akauliza swichi ya kuzimia. Nikamwambia plagi ya betri iko chini ya kiti, unachomoa, kwisha. Akauliza chini ya kiti hiki hiki kilichogongelewa? Na aliyekikalia afanye nini, aote mkia wa kuchomolea?

Maswali ya wivu.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio. Nikakaa, nikazungusha mkono. Kigari kikaenda kinyumenyume, kikanitoa nje ya kontena kabla sijasema salama. Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili za mota. Nikajaribu tena. Kikaenda mbele!

Nilishtuka mwenyewe. Mikono hii! Ya toroli!

Nikampigia mama watoto, nikamwambia awatangazie wote, nakuja. Akasema kwani imesainiwa? Nikasema ni kama imesainiwa. Akasema baba watoto, "kama" haipandi basi. Mke wangu hana imani na sayansi.

Mfunga nondo alipita jioni, akaona nyaya zimelegea nilipozibadilisha. Akazikaza upya. Safari hii kwa nguvu zaidi, maana ni kazi ya mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeishiwa pumzi, nitaandika hivyo hivyo.

Saa tano na nusu nyapara alikuja. Kiti kimempendeza. Akakikalia, akaweka mikono yake kama hakimu, wafanyakazi wote wakakusanyika. Akazungusha mkono kidogo. Kikaondoka! Watu wakashangilia. Akaachia mkono.

Hakikusimama.

Kikaongeza mwendo. Nikamwambia mzee achia! Akaonyesha mikono yote miwili juu, ameachia! Kigari kikala kona ya ghala naye mikono juu, kama mtu anayejisalimisha. Kikatokea upande wa pili. Mwendo wake si wa kuua, ni wa mtu anayekimbia kuwahi mvua, lakini kwa goti lile aruke vipi? Akipita mbele yetu anatutukana, akifika mbali sauti inapotea, akirudi tusi linaendelea pale pale lilipoishia.

Mzunguko wa tatu nikatazama saa. Saa sita kasoro robo!

Nikachukua fomu na kalamu, nikakimbia ubavuni mwake. Nikamwambia mzee, tulikubaliana kitembee, na si kinatembea? Sikuwahi kusikia maneno yale kutoka kwa mtu mwenye wajukuu.

Bwana Cheti ndiye aliyewapanga watu wanne wenye mabega. Wakavizia kwenye kona, wakakimbia nyuma ya kigari, wakakiinua kwa nyuma. Magurudumu yakazunguka hewani, vuuu. Nyapara yuko juu kama bwana harusi, hasogei, anatetemeka tu. Seremala akaanza kung'oa misumari. Aliigonga vizuri mno.

Saa sita kasoro dakika tano. Nikasogea tena na fomu. Nyapara akaipokonya, akasaini, akafuta siku ishirini na moja nilizoomba, akaandika sitini. Kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka. Akaniambia nenda, nenda, nenda.

Nikafika ofisini saa sita kasoro dakika moja. Karani alishangaa tundu, akagonga muhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Siku sitini! Hakuna mtu hapa aliyewahi kupewa siku sitini. Wavumbuzi hutambuliwa, hata wakicheleweshwa.

Bwana Cheti alinionyesha mahali waya wa nondo ulipokata ngozi za nyaya mbili zikagusana, mota ikadhani mkono umezungushwa mpaka mwisho. Nikashangaa jinsi viwanda vinavyotengeneza nyaya laini siku hizi.

Nyapara yuko getini na fimbo. Amemwuliza mlinzi mara mbili kama nimeshaondoka. Ana utu, yule mzee.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kando ya barabara, jua la utosi. Basi zuri, jipya, viti vinalala. Mama watoto na binti wameshafika stendi kunisubiri, wametangulia mapema, mtoto hakukubali kukaa nyumbani.

Kwenye kiti changu tundu la kuchaji simu lilikuwa limekufa. Nilimwambia kondakta, akasema ndivyo lilivyo, kaka. Ndivyo lilivyo! Watu wazima wanakubali! Chini ya kiti palikuwa na kifuniko chenye skrubu mbili tu, za kawaida, hata chunusi hazina. Nikafungua kuona. Kuona tu. Nikachomoa fyuzi moja, nikairudisha. Pengine niliirudisha kwenye tundu la jirani yake.

Basi likazima mlimani. Mlango nao haufungi tena, na wipa zinafuta kioo kikavu.

Abiria hamsini wananitazama. Dereva amesema fundi atafika baada ya muda wa saa nne. Mama mmoja ameniuliza kama nina wazazi. Sijaona watu wasio na shukrani namna hii! Kabla yangu, ni nani kati yao aliyejua kwamba basi hili lina fyuzi arobaini na mbili?

Mama watoto amepiga, kuuliza nimefika wapi. Nimemwambia dakika chache. Dereva kaenda msalani, na kile kifuniko bado kiko wazi.