Maji ya Kiyoyozi Chetu

Jumapili, 3 Machi

Nimemfuma! Mama Vyungu, jirani yetu wa ukuta mmoja, ameweka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi chetu, lile bomba jembamba linalotoa maji nje, upande wa uchochoro. Nilimtazama kupitia pazia akiinyanyua ndoo na kwenda kumwagilia maua yake. Anatembea polepole, kama mtu asiyeiba.

Kiyoyozi chetu. Umeme wetu. Maua yake.

Si wakati mzuri wa kuchezewa. Mama yuko hospitali na Bibi, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Jumamosi Bibi anaruhusiwa. Daktari ameagiza chumba chake kiwe na ubaridi wa wastani, tena kikavu. Shangazi akadakia hapohapo: Bibi aende kwake, kwake kuna baridi mpaka chooni, na akishafika hana haja ya kurudi. Nikamwambia Mama kwamba Bibi hatoki nyumba hii, kazi ya kuandaa chumba niachiwe mimi, si Kaka. Mama akaniuliza kwenye simu kama Kaka yuko karibu. Sikulipenda lile swali.

Jioni nimeingia uchochoroni. Bomba nimelikunja, nikalivisha mfuko wa nailoni na kulikaza kwa kamba ya kiatu. Tuone maua yatakunywa nini.

Jumatatu, 4 Machi

Ajabu. Kiyoyozi kinavuja, na kinavuja ndani! Maji yanateremka ukutani na kudondokea mto wa Bibi. Jana hayakuwepo. Nikikizima, maji yanakoma na chumba kinakuwa tanuri.

Kaka kasema huenda bomba limeziba. Kaka ni mtu wa kusema la kwanza linalomjia. Nimemwambia aniachie.

Nimesoma sana kuhusu mafundi. Wengine hung'oa kifaa kizima na kupachika kibovu. Wengine husema gesi imeisha hata kama haijaisha. Kuna bei ya kukagua, bei ya kutengeneza, na nadhani kuna bei ya kushuka ngazi. Mimi si wa kuliwa kirahisi. Nimefungua kifuniko na kuweka tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kila kifaa nilichokifikia. Atakayebadilisha kitu, nitamjua.

Jumanne, 5 Machi

Fundi wa kwanza. Kalamu sikioni, kwa hiyo nimemwita Fundi Kalamu. Kwanza aliuliza kiyoyozi kina umri gani. Sikumjibu. Hivyo ndivyo wanavyompima mteja. Akasema hata nisipomwambia anaona ni kizee, na kutengeneza kizee ni kutwanga maji kwenye kinu. Ninunue kipya. Anamjua mtu anayeuza. Bila shaka anamjua!

Kisha akafungua kifuniko, akayaona madoa mekundu. Uso ukambadilika. Akasema hiyo ni kutu ya aina mbaya, huanza kwa vidoa hivyohivyo, ikifika kwenye kompresa, moyo wa kiyoyozi, ndiyo basi tena. Nusura nimwambie ni rangi ya kucha. Lakini mtego hautajwi.

Nikamtaka aandike bei. Akaandika kwenye karatasi. Nilidhani ni namba yake ya simu.

Jumatano, 6 Machi

Fundi wa pili. Kila unachomwambia, anajibu hamna shida. Kiyoyozi kinavuja? Hamna shida. Nimekuja na kiti nikae nikutazame? Hamna shida. Ametoa chujio, akaliosha, likatoka vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kisha akaomba aende kuangalia nje, uchochoroni.

Uchochoroni! Kwa nini uchochoroni? Na nilikwisha kumwona langoni, Mama Vyungu akimsalimu na kumwita "mwanangu". Nikamwambia maji yanavuja ndani, ya nje hayamhusu. Akajikuna kisogo, akasema hamna shida, ila maji lazima yawe na pa kutokea. Bei yake ilikuwa ndogo mno. Mtu wa bei ndogo namna ile, pesa nyingine analipwa na nani? Nikamshukuru, nikamtoa.

Nimekagua madoa yangu. Moja halipo! Nilimlaani mpaka wakati wa chakula, nilipoliona kwenye kidole changu mwenyewe. Hilo halimtakasi.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi amekuja, eti anapita tu. Anakaa upande wa pili wa mji, hakuna anakopita. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa Bibi, akaona beseni juu ya kitanda. Akauliza mama yake ataletwa hapa kulala au kuvua samaki. Akasema kwake shuka zimeshatandikwa, na Jumamosi atakuja na gari.

Alipoondoka nilikaa kwenye kile kitanda, upande mkavu. Bibi ndiye aliyenifundisha kusoma, akishika kidole changu chini ya kila neno. Shangazi hataki Bibi. Anataka kuonekana ana Bibi.

Nikamwita Fundi Kalamu arudi. Akiba yangu ya masomo imekwenda. Amejaza gesi, amebadilisha feni. Sasa baridi ni kali kweli. Na maji yameongezeka!

Nimetandaza nailoni juu ya kitanda, nikaifunga kwenye nguzo zake kama hema. Kaka ameuliza kama ni ya Bibi au ya kukuzia miche.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi amefika na magongo yake. Gari la Shangazi lilikuwa langoni, mlango umeachwa wazi. Tukasimama wote chumbani tukisikiliza matone yakigonga nailoni. Ta. Ta. Ta. Mama akanitazama. Shangazi akauchukua mkoba wa Bibi.

Hapo akaingia Mama Vyungu na ndoo yake tupu. Akamwamkia Bibi, shikamoo mama, akampa pole ya nyonga. Halafu, kwa haya, akauliza kama siku hizi hatuwashi kiyoyozi, maana maji hayatoki tena na maua yake yamenyauka, na yeye alitaka kumletea mgonjwa japo shada.

Bibi akatazama kiyoyozi. Akatazama ndoo. Akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu, umefunga nini huko nje?"

Nikaangalia miguu yangu. Kosa kubwa! Wote wakaangalia miguu yangu. Kiatu kimoja hakikuwa na kamba.

Kaka alitoka bila kuambiwa. Tukasikia maji yakimwagika uchochoroni kama ng'ombe aliyebana mkojo tangu asubuhi. Alirudi na kamba yangu, ameishika kwa ncha za vidole. Matone juu ya nailoni yakapungua, yakaacha.

Bibi akaketishwa kitini. Akacheka mpaka akashika nyonga. Akasema, "Maji ni mgeni mkaidi, mwanangu. Ukimfungia mlango, anapita dirishani." Kisha akamgeukia Shangazi. "Rudisha huo mkoba. Kwako kuna baridi tu. Hapa kuna baridi na vituko."

Nikageukia ukutani, nikajifanya nakagua unyevu. Ukuta ulikuwa na unyevu. Mimi pia.

Jumanne, 12 Machi

Chumba kikavu. Baridi ya wastani. Bibi analala vizuri.

Lakini kuna jambo. Mama Vyungu anakuja kila asubuhi kuchukua ndoo yake, na haondoki. Anakaa pembeni mwa kitanda. Wanacheka. Nikiingia, wananyamaza, wanatazamana, wanacheka tena. Bibi anamwita "binti yangu". Jana niliambiwa nimvutie kiti. Leo ameleta maua mengine, ameyaweka dirishani, yamechanua vizuri kweli. Kwa maji yetu!

Alianza na maji. Sasa yuko kwa Bibi. Wajinga ndio waliwao.

Nimeyatafakari sana maneno ya Bibi. Hakuna aliyewahi kunieleza kosa langu waziwazi namna ile. Nilifunga mlango, nikasahau dirisha.

Mchana nimekwenda dukani. Nimenunua kizibo cha mpira cha kuziba bomba huko nje, na gundi ya silikoni ya kuzungushia kiyoyozi chote huku ndani, pasibaki hata tundu la sisimizi. Kamba ya kiatu imebaki kiatuni, mambo ya ushahidi sitaki tena.

Tuone maji yatapita wapi.