Karatasi Nyeupe Kuliko ya Damari

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari, mugonile. Mimi nimezoea barua, kwa hiyo pokea salamu kama mtu. Baba Kisa hajambo, ila mgongo. Mama mkwe wangu, Bibi Maria, hajambo, anakula kuliko mimi. Mwanangu Wilson hajambo, yuko shule. Binti yangu Kisa hajambo mwilini, moyoni sijui. Mbuzi mzima. Mimi nina wasiwasi.

Sababu ni Mwalimu Jubilate, aliyekuja hapa Makwale kufundisha wasichana picha za jua. Jumamosi anachagua mmoja wa kwenda naye Mbeya, mwaka mzima, ajifunze kazi. Mmoja tu! Kisa kamaliza kidato cha nne, mwaka wa pili huu ananitwangia mpunga. Anatwanga vizuri. Sikumzaa atwange.

Kazi yenyewe si ngumu. Unapaka karatasi dawa, ikikauka unalaza jani juu, unafunika kioo, unaanika juani. Halafu unaosha kwa maji. Palipopigwa na jua panakuwa bluu, jani linabaki jeupe. Dawa anatoa Mwalimu. Karatasi kila mtu atafute yake. Anasema kuchagua karatasi ni nusu ya kazi. Kasoma mpaka huko, akaja kutuambia hilo! Karatasi ni karatasi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemletea Kisa kadi za michango ya harusi. Ninazo rundo zima, watu wa hapa wanaoana kama wamelazimishwa. Kadi nzito, inang'aa, maua ya dhahabu pembeni. Nikamwambia tumia upande wa nyuma.

Dawa imeteleza kama maji kwenye jani la gimbi. Yote chini! Kisa akasema kinachong'aa hakinywi dawa. Akaandika hayo nyuma ya kadi kwa penseli. Nikamuuliza anaandika nini, akasema sababu. Sababu ya nini, imeharibika, tupa! Hakutupa.

Jumatano, 8 Oktoba

Karatasi ya daftari la Wilson: ndani ya maji ikawa uji. Mfuko wa simenti: umenywa dawa vizuri, picha ikatoka kama moshi wa jikoni. Kisa kaandika tena nyuma.

Damari akapita. Huyu ni Mama Lucy, jirani, anatembea kama barabara ni ya baba yake. Akauliza hiyo ni picha au kishikio cha sufuria. Akasema ya Lucy imetoka Mbeya, kaka yake kaituma, nyeupe pe! na nene kama chapati. Nikamwambia basi ale. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka kwa hasira.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kisa kapata! Karatasi ya manila kutoka dukani, ile isiyong'aa. Kaichovya kwanza kwenye maji ya wali, kaikausha, ndipo kapaka dawa. Jani la kakao limetoka na mishipa yote, bluu kama ziwa asubuhi. Bibi Maria akaligusa aone kama ni la kweli.

Ila hiyo manila! Weupe wake ni wa meno ya mzee. Pembeni ya karatasi ya Damari itaonekana imelala jikoni. Kisa anasema haidhuru, Mwalimu anaangalia picha. Mtoto. Hajui watu wanaangalia nini.

Nina akili moja. Simwambii mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kisa alikuwa shambani. Nikachukua chokaa iliyobaki tulipopaka kanisa. Nikaikoroga, nikaipaka picha mgongoni, tabaka mbili nzito, weupe utokeze mbele. Ukuta wa kanisa ulikuwa wa tope, sasa mtu anaupita akifumba macho!

Jioni nimeangalia. Bluu imeondoka. Imekuwa njano, rangi ya mtoto mwenye homa. Jani halionekani.

Kisa akauliza nani kagusa. Nikasema labda jicho la Damari. Akageuza karatasi, akakwangua, akatazama kidole. Halafu akatazama kucha zangu. Akachukua penseli. Dawa imekwisha. Ugali umenishinda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Picha ya Lucy nzuri, sikatai. Damari alikaa mbele kwenye ukumbi wa kanisa, kilemba kimepanda mpaka dari. Mwalimu akamuuliza Lucy kwa nini karatasi ile. Lucy akasema kaka ndiye aliyenunua.

Kisa akatandika zake zote mezani. Kadi, uji uliokaushwa, simenti, ile njano. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu akageuza moja moja, akasoma penseli. Hii haikunywa kwa sababu hii. Hii ilichanika kwa sababu hii. Kwenye njano kaandika: nzuri kuliko zote, mpaka mama alipoipaka chokaa mgongoni, chokaa imekula bluu.

Ukumbi mzima ukacheka. Damari karibu aanguke na kiti.

Mwalimu hakucheka. Akasema wa kupiga picha nzuri atampata popote, anataka anayejua kwa nini imeharibika. Kisa! Kisa wangu! Nikapiga vigelegele mpaka mchungaji akaziba masikio. Ndaga fijo, asante sana, Mungu wangu.

Damari nimemwambia wazi: bila chokaa yangu Kisa asingekuwa na la kueleza.

Jumapili, 12 Oktoba

Kesho asubuhi anaondoka. Mwalimu kampa karatasi kumi na mbili za kuanzia, zimetoka mbali, kasema zisiguswe. Kisa kazifunga kwenye khanga, kaenda kanisani kuaga kwaya.

Nimetazama milimani. Mawingu mazito. Mvua ikizipata njiani je? Vijana hawawazi mambo hayo. Nimezifungua, nimezipaka mafuta ya mawese, moja moja, pande zote mbili. Maji hayapenyi tena. Zimependeza, zina rangi ya chungwa. Nimezifunga kama zilivyokuwa.

Daftari, nakuchana ukurasa huu, nautia humo ndani ya khanga. Kisa mwanangu, ukizifungua mbele ya Mwalimu, nijibu upesi amesemaje.