Mama Aliye Ndani ya Koti

Jumatatu, 14 Julai
Nimeshinda! Kikao kimeamua. Jumamosi tunapanda hadi kijiji cha Kizuka kumposea Hyacinthe, mtoto wa dada yangu Evangelina, na msemaji ni mimi. Leonsi alikuwa ameshajiweka sawa kwenye kiti. Ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana Kirundi kitamu, na posa zote za mtaa huu husema yeye. Nikawauliza: mjomba nani hapa? Mjomba ni mjomba.

Shida moja ndogo. Kuomba mke kunataka Kirundi cha ndani, cha ng'ombe na mafumbo, na wenye binti hujibu kwa mafumbo yao. Mimi nimezaliwa ukimbizini, Tanzania. Kirundi changu kinatosha kuuza mawese na kuuliza hali.

Hyacinthe kanifuata hadi mlangoni. Kasema, “Mjomba, wakimunyima mimi Joanita, nimekwisha.” Anampenda binti huyo mwaka wa tatu sasa. Nikamwambia alale, nina mpango. Sikuwa nao.

Jumanne, 15 Julai
Mpango upo! Nimeutoa dukani kwa Kulthum. Tableti ndogo ya Android, imetumika kidogo. Inaingia mfuko wa ndani wa koti kama imepimwa na fundi. Nyepesi kuliko Biblia. Betri siku mbili.

Kulthum kanitajia na kasoro, bila kuulizwa. Mwanamke huyu hajui biashara. Eti nafasi yake ya kuhifadhi ni ndogo, kamera haioni mbali, na juani kioo hufifia. “Papa Lameki, kwa kusoma iko nzuri. Kwa mengine usiitese.” Nani anataka kuitesa?

Hotuba nayo imepatikana. Mzee mmoja wa kijiji cha Gatete kaniandikia kurasa nne kwa kidumu cha mawese. Kirundi kizito. Nimesoma mstari wa kwanza nikachoka.

Jumatano, 16 Julai
Leo nimeitengeneza iwe yangu. Nimefuta michezo. Nimefuta dira (ya nini? Ziwa lililo hapo chini nalo nitalipoteza?). Picha ya mbele nimeweka ng'ombe mwenye pembe ndefu, kwa ajili ya heshima. Herufi nimezikuza hadi mwisho. Kioo nimekikataza kulala. Betri ya siku mbili sasa inakaa saa tatu. Kulthum kasema hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Kisha jambo la akili. Hotuba nimeinakili ndani ya tableti herufi kwa herufi, na katikati nimeongeza maelekezo yangu, kwa Kiswahili nisije nikachanganya. Hapa cheka kidogo. Hapa futa chozi, hata kama halipo. Hapa mtazame Leonsi kwa dharau.

Alhamisi, 17 Julai
Majaribio uani. Aibu.

Jua lilipopanda, kioo kikawa cheusi. Nikajiona sura yangu tu. Nikainamisha tableti, maneno yakalala ubavu. Nikalaza shingo niyafuate, yakasimama! Na mikono yangu ilikuwa na mawese. Naligusa neno, halisikii. Naligusa tena, linasikia mara tatu, nikajikuta ukurasa wa mwisho nikiwashukuru watu kabla ya kuwasalimu.

Nikajifunika kanga ya Evangelina, nikapiga magoti, nikahutubia gizani. Leonsi akapita. Kauliza kama niko kwenye maombi. Nikasema ndiyo. Akavua kofia na kusubiri nimalize. Kurasa nne!

Ijumaa, 18 Julai
Furaha! Tableti inasoma yenyewe kwa sauti! Kulthum kanionyesha mahali pa kubonyeza. Ndani mna mama, unamchagulia lugha. Kirundi hajui, nimempa Kiswahili. Kirundi anakisoma kama mtu mwenye tonge mdomoni, lakini kuna tatizo gani? Atanisomea mimi sikioni, nami nitawatolea watu safi. Waya wa sikioni unapita ndani ya koti, unatokea shingoni. Haonekani mtu wala kitu.

Evangelina kaniomba kwa upole nimwachie Leonsi. Nimemwambia hana imani. Kajibu anayo, kwa Mungu.

Jumamosi, 19 Julai
Naandika na koti sijavua.

Tulianza vizuri, nasema kweli. Hema limejaa, sisi upande huu, wao upande ule. Mama sikioni, mimi mdomoni. Sentensi ya kwanza, watu wakaitikia. Ya pili, nikasikia mtu nyuma akisifu. Nikamtafuta Leonsi kwa jicho. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, mnafiki yule.

Hapo Dusabe, msemaji wao, akaniita kwenye chungu cha pombe. Nilikuwa nimesahau kabisa! Wasemaji wawili lazima wanywe chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, ndipo maneno yaendelee. Nikainuka kwa madaha. Waya ukabaki umeshikwa na kiti.

Mama akaanza kusema kutoka kifuani mwangu.

Kirundi chake hakuna aliyekielewa. Kiswahili chake kilieleweka hadi kwa wapishi. “Hapa cheka kidogo.” Nikayumba nikatumbukiza mkono chunguni, nikapapasa mfukoni, vidole vina pombe, kioo hakisikii. “Hapa futa chozi, hata kama halipo.” Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. “Hapa mtazame Leonsi kwa dharau.”

Hema zima likageuka kumtazama Leonsi.

Hyacinthe alikuwa ameficha uso kwa mikono yote miwili. Baba yake Joanita akasimama. Nikajua tunafukuzwa, na kosa ni langu, na kijana wa watu nimemuua. Dusabe akamwekea mkono begani, akauliza kwa sauti: “Huyu mama mwenye iko mu koti, mbona hamukumupa kiti?”

Walicheka hadi nguzo za hema zikayumba. Lakini kicheko si mke. Ndipo Leonsi akainuka. Hakunitazama. Akasema kwa Kirundi, polepole, hata mimi nikaelewa. Kwamba mjomba huyu alizaliwa ugenini, ulimi wa kwao akaukuta umeshachakaa. Angeweza kukaa kimya. Badala yake amehangaika wiki nzima, hata kwa maombi chini ya kanga, ili amwombe binti huyu kwa lugha ya nyumbani. Watu wanaohangaika hivi kwa ajili ya mke, wakimpata watamtupa?

Chozi likaja lenyewe, bila maelekezo.

Joanita tumepewa! Hyacinthe kamkumbatia Leonsi kwanza. Mimi baadaye, na kwa mkono mmoja.

Jumanne, 22 Julai
Nimemwomba Leonsi radhi. Kasema amedharauliwa na wengi, lakini na mashine ilikuwa mara ya kwanza. Tukacheka. Mtu mwema, sijui kwa nini sikumwona mapema.

Familia imekubali nishukuru siku ya harusi, tarehe 2 Agosti. Sentensi tatu tu, kwa mdomo mtupu. Leonsi atanifundisha kila jioni. Evangelina kaniapisha: tableti ibaki nyumbani. Nimeapa. Mwisho wa vituko. Nimekuwa mtu mpya.

Alhamisi, 24 Julai
Sentensi tatu ni nyingi.

Jana Leonsi akinifundisha, tableti ilikuwa chini ya mkeka, inamrekodi. Sauti yake safi ajabu! Kuna mahali anasema, “Hapana Lameki, kichwa yako iko mbao,” lakini hapo nitaparuka. Na kosa la Jumamosi nimelifahamu. Halikuwa tableti wala mama. Lilikuwa waya!

Kulthum anavyo vya sikioni visivyo na waya. Nimechukua. Leonsi atasema sikioni mwangu, mimi nitasema mbele za watu, na Leonsi mwenyewe atakaa palepale akishangaa Kirundi changu. Kiapo? Niliapa kuhusu ile tableti yenye waya.

Kabla sijaondoka, Kulthum kaijaribu tableti na spika yake kubwa, anayokodisha kwenye maharusi. Duka lilitetemeka. Hyacinthe ameshaikodi kwa tarehe 2. Na sikiliza jambo la ajabu: tableti imeikumbuka spika hiyo. Wakati wowote zikikutana, Kulthum anasema, itajiunga nayo yenyewe, hata usipoigusa. Kasema mara mbili, akinikazia macho.

Sifa nyingine hiyo, na wala sikuiomba!