Beki Namba Tatu na Tofi za Dympna

Jumapili, 10 Agosti

Tumefungwa. Kwa pointi moja! Mpira wa magongo hauna huruma: Ballydoon ishirini na moja, sisi Lisnagarra ishirini.

Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa mbili na refa anatazama saa. Ukaja mpira mrefu wa juu, ukashuka mbele ya goli letu, juu ya kichwa cha Lorcan. Lorcan ni mtoto wa dada yangu Assumpta. Miaka ishirini na minne, jezi namba tatu, beki wa kati. Mimi nilikuwa mahali pangu, kwenye ukuta nyuma ya goli, hatua kumi kutoka kwake. Nilimwambia wazi kabisa: daka kwa mkono. Alipoinua mkono nikaona mshambuliaji wao anakuja mbio, nikamwambia aache kudaka, apige kwa gongo. Hakufanya hili wala lile. Aligeuka. Mpira ukapita. Wavuni! Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Hesabu haikuhitaji karatasi.

Ukuta ulikuwa na baridi. Kushoto kwangu pako wazi tangu Februari. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mke wangu Dympna, kwa miaka thelathini na mmoja, na koti lake la bluu. Mapumziko tulihamia pamoja ukuta wa pili, ili tuwe nyuma ya goli letu wakati wote. Mpira wa juu ukija alinitia tofi mdomoni. Tofi ngumu, za karatasi ya njano. Kila mpira mrefu, tofi moja, hata kama ile ya kwanza haijaisha. Sijui mume mwingine katika kaunti hii aliyependwa hivyo.

Chakula cha jioni: viazi viwili. Bado napika vinne.

Jumatatu, 11 Agosti

Mkutano wa uchambuzi, baa ya Hanora, saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti, kwa kujiteua mwenyewe, Malachy, aliyekuwa mpeleka barua. Aliwapanga mabeki sita mezani kwa vizibo vya chupa. Kipa alikuwa chupa ya siki. Lorcan alikuwa kichupa cha chumvi. Malachy akasogeza pilipili, ambayo ni Ballydoon, akaonyesha jinsi chumvi ilivyochelewa. Nikairudisha chumvi mahali pake. Akaisogeza tena. Nikaishika. Ikamwagika. Hanora akasema meza ni ya kulia chakula, na mabeki wetu wasafishwe.

Kila mtu na lake. Mmoja anadai gongo la Lorcan ni fupi kwa inchi nzima. Mwingine analaumu viatu. Hanora mwenyewe anadai kijana ana mchumba Ballydoon, na moyo hauwezi kuzuia miguu ya shemeji. Nikamuuliza Hanora amejuaje. Akasema yeye ni mwenye baa.

Kisha Malachy akatoa daftari. Ana daftari! Mwaka jana, msimu mzima, magoli mawili tu yalipita katikati. Mwaka huu, tangu Machi, mechi tano, magoli tisa. Kocha yuleyule, akasema. Kipa yuleyule. Mabeki sita walewale. Aliuliza baa nzima ni nini kilichobadilika.

Hata mimi niliwaza sana. Nilikuwepo mechi zote, mwaka jana na mwaka huu, ukuta uleule. Uwanjani sikuona kitu kilichobadilika.

Kocha Fergal aliingia kununua mkate, maana baa ya Hanora ni duka pia, akatueleza bila kukaa. Jumapili tunacheza na Carrowbeg. Tukipoteza tunashuka daraja. Goli lingine likipita katikati, namba tatu anakaa benchi mpaka mwaka uishe.

Nilipofika nyumbani Assumpta alipiga simu. Lorcan amemwambia akiwekwa benchi anatundika gongo, hachezi tena maisha yake.

Hapana. Hilo haliwezekani. Dympna ndiye aliyemfundisha kushika gongo, hapa uani kwangu, kijana akiwa na miaka minne. Mkono wenye nguvu juu, alimwambia, kama anayekoroga uji. Bado nauona mlango wa banda wenye alama za mpira. Sijaupaka rangi. Jezi ile haitoki mgongoni kwa Lorcan. Nitafanya jambo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefanya jambo. Barua kwa kocha, isiyo na jina! Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nimeeleza kwamba kosa ni la kipa, la viungo wote, la upepo wa magharibi, na kidogo la Malachy. Kwamba wananchi wengi wanamtaka Lorcan abaki. Nimesaini: Wengi Wetu.

Nikaipenyeza chini ya mlango wa Fergal saa sita mchana, kofia imefunika masikio. Mbwa wake alinisindikiza mpaka kwangu. Ananijua, huwa nampa mifupa.

Jumatano, 13 Agosti

Barua imerudi. Fergal ameileta mwenyewe, kwa upole mkubwa. Akasema asante, Ambrose, nimesoma. Nikamuuliza ni Ambrose yupi anayemzungumzia. Akaonyesha juu ya karatasi. Nilikuwa nimetumia karatasi nzuri za Dympna, zenye jina la nyumba yetu lililochapwa kwa bluu na maua pembeni. Miaka yote nimeziona. Nikadhani karatasi zote duniani ziko hivyo.

Alasiri, mpango wa pili. Nikamwita Lorcan uani kwa mazoezi maalumu. Mimi mshambuliaji, yeye beki, mlango wa banda ndio goli. Nina miaka sitini na minane na gongo langu limepasuka na kufungwa ukanda wa chuma mara tatu, lakini nilimpita mara moja. Aliteleza, anadai. Mara ya pili nilijipita mwenyewe nikaangukia kwenye upupu. Kijana alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. Upupu unawasha, lakini nilikaa humo kidogo zaidi ili aendelee.

Tulipokuwa tunakunywa chai aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema:

"Mjomba, usinielewe vibaya. Ukipiga kelele pale ukutani, mimi nageuka. Kila mara. Nasikia sauti yako, basi mpira naupoteza."

"Unanisikia vizuri?" nikamuuliza.

"Vizuri mno."

Nilifurahi sana. Nilikuwa na hofu upepo unachukua sauti. Kijana ananisikia! Basi tatizo si sauti, tatizo ni mpira. Mpira unamfikia ukiwa na kasi kubwa kuliko maelekezo yangu. Mpira upunguzwe mwendo.

Na nani anayefyeka majani ya uwanja wa Lisnagarra? Mimi. Kila Alhamisi, miaka tisa sasa.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikufyeka.

Yaani nimefyeka kote, isipokuwa mbele ya magoli mawili. Hapo nimeacha. Mvua imenisaidia, majani yanafika kwenye kifundo cha mguu. Mpira ukianguka hapo utakaa kama yai kiotani. Lorcan atainama, ataokota, atapiga mbali. Rahisi! Sijui kwa nini nchi nzima haijafikiria.

Ni kweli washambuliaji wetu nao watazama kwenye majani ya upande wa pili. Tunatafuta ulinzi wiki hii. Ushambuliaji ni wiki nyingine.

Ijumaa, 15 Agosti

Misa ya Mama Maria. Nilisimama nyuma karibu na mlango, pamoja na wanaume wengine wanaopiga goti moja juu ya kofia zao. Malachy alikuwa goti la jirani. Wakati wa mahubiri akaninong'oneza kwamba amepita uwanjani, na mbele ya magoli sungura anaweza kupotea. Nikamnong'oneza kwamba mashine imeharibika. Akauliza imeharibika mbele ya magoli tu? Padri akanyamaza na kututazama. Tukaomba kwa bidii.

Jumamosi, 16 Agosti

Malachy ni mtu mbaya. Naandika hivyo kwa utulivu. Nimepita uwanjani asubuhi nikakuta ameleta kondoo wake! Kondoo kumi na wawili, amewazungushia wavu mbele ya goli la upande wa kanisani, na walipomaliza huko akawahamishia goli la pili. Mwenyewe amekaa ukutani, mahali pangu, anakula sandwichi ya yai.

Akaniambia, bwana mkubwa, nimesikia mashine yako inaumwa, nikakuazima mashine hizi. Hazitumii mafuta.

Nilimshukuru mbele ya watu.

Kufikia saa tisa mbele ya magoli palikuwa pamenyolewa kama kichwa cha askari. Kondoo pia waliacha shukrani zao. Nyingi. Malachy akasema mashine ni zake, usafi ni wa mtunza uwanja. Saa mbili nzima nimepiga koleo. Hesabu ya toroli: tano. Nimeziweka kwenye waridi za Dympna. Angesema angalau kitu kimoja kimefanikiwa wiki hii.

Hapo nimebaki bila mpango. Nimebaki na sauti tu.

Jumapili, 17 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mvua tangu asubuhi. Assumpta alikuja bila koti, kama kawaida yake, anaamini mvua ni jambo la watu wengine. Lile la bluu liko nyuma ya mlango tangu Februari. Sikuwahi kulitoa. Nikalitoa. Lilimkaa vizuri kuliko nilivyotaka. Akaja akakaa ukutani kushoto kwangu, kwa sababu huko ndiko upepo usikofika sana.

Kipindi cha kwanza kibaya. Mpira wa juu, nikamwambia Lorcan asonge mbele, akageuka, goli. Fergal akanyanyua mkono kumwita beki wa akiba aanze kupasha misuli. Malachy, mita ishirini kutoka kwetu, akafungua daftari na kulikinga mvua kwa kofia. Goli la kumi.

Mapumziko tukahama ukuta. Assumpta alikuwa mweupe kama maziwa. Alitia mikono mifukoni kutafuta joto, akatoa kitu, akakitazama muda mrefu. Karatasi ya njano.

Nilimweleza habari za tofi. Kila mpira wa juu, moja. Kwamba Dympna alikuwa na moyo mwema kupita kiasi. Dada yangu akanitazama mimi, akamtazama mtoto wake, akamtazama Malachy na daftari lake. Nilidhani atalia. Akauliza:

"Kaka, alikuwa anakupa kabla ya mpira kufika, au baada?"

"Kabla," nikasema. "Kabla tu ya kufungua mdomo."

Akasema, "Mungu amlaze pema Dympna," akaanza kucheka peke yake. Majonzi huwashika watu kwa namna nyingi.

Kipindi cha pili. Mpira wa kwanza wa juu. Nilivuta pumzi, na hapo hapo kitu kikaingia mdomoni. Tofi ya miezi sita! Ilikuwa kama jiwe, kisha ikawa kama gundi. Meno yangu ya bandia, ya juu na ya chini, yakashikana. Nikabaki nasema mmm. Lorcan hakugeuka. Aliinua mkono, akadaka juu ya vichwa viwili, akapiga mpaka nusu ya uwanja.

Mpira wa pili, tofi ya pili. Akadaka. Wa tatu, vivyo hivyo. Za mfukoni zikaisha, lakini kinywa kilikuwa kimefungwa kuliko benki siku ya sikukuu. Beki wa akiba akavaa tena koti lake akakaa.

Dakika ya mwisho. Tuko mbele kwa pointi moja. Mpira uleule, nasema kweli, mpira uleule wa Jumapili iliyopita, mrefu, wa juu, katikati kabisa. Nilikuwa na mambo matatu ya kumwambia. Nikasimama. Mmm! Lorcan akasimama chini yake peke yake, mkono wenye nguvu juu ya gongo kama anayekoroga uji, akauruhusu ushuke, akaupiga. Ulipita juu ya kiungo, juu ya mvua, sijui uliangukia wapi. Filimbi.

Tumebaki daraja la juu. Watu wakaruka ukuta. Lorcan akamkumbatia mama yake, akashika mkono wa koti lile la bluu na hakuliachia upesi. Fergal akapita, akamwambia jezi ni yako mpaka utakapoichoka.

Malachy akaja kunipa mkono. Akasema tangu mapumziko katikati hapajapita hata mpira mmoja, na bado hajui kilichobadilika. Nilitaka kumweleza. Meno yaliachana saa kumi na mbili, kwa maji ya moto.

Jumatatu, 18 Agosti

Jua. Upupu hauwashi tena. Nimepika viazi vinne, Assumpta na Lorcan wakaja kula, ikabidi niongeze vitatu.

Assumpta amerudisha koti, limekaushwa na kupigwa pasi. Mfukoni ameweka mfuko mzima wa tofi mpya. Mkubwa, wa kilo. Amesema kuanzia sasa mechi zote atakaa kushoto kwangu, bila kuombwa na mtu. Niligeuka nikafunika sufuria. Pale kushoto pamekuwa wazi siku nyingi.

Nimekaa nikachambua mechi kwa makini, bila chumvi wala siki. Ukweli uko wazi. Kipindi cha kwanza kijana alinisikia, akajifunza. Kipindi cha pili akatumia alichojifunza. Lakini tulishinda kwa pointi moja tu! Moja! Na kwa nini? Kwa sababu kipindi kizima cha pili hakuna aliyemwelekeza. Sauti yangu ilikuwa imezibwa kwa wema wa dada yangu, na siwezi kumkataza, ataumia.

Basi nimeupata mpango. Watu wa mnada wa ng'ombe wanauza vitu vyao vya zamani. Nimewapigia simu. Kipaza sauti cha mkono, chenye betri, kinachosikika kutoka zizi la kwanza hadi la mwisho. Mwenye mnada ananihakikishia kinafanya kazi hata mtu akiwa na kitu mdomoni.

Kinafika Alhamisi.