Gurudumu la Nyuma Lililopimwa na Mkunga

Ndugu Msimamizi wa Gereji,

Natumaini u mzima na vidole vyako vyote vipo. Mimi ni yule karani wa mahakama mwenye gari jeupe linalonguruma nyuma. Nakuandikia kwa heshima zote kumlalamikia fundi wako mnayemwita Mzee wa Jeki, na kuomba msaada mdogo.

1. Gari lilianza kunguruma wiki tatu zilizopita. Kadiri ninavyokanyaga mafuta, ndivyo linavyozidi. Nikayahamishia matairi ya nyuma mbele, mngurumo ukabaki kule kule. Basi si matairi, ni beringi ya gurudumu. Hapo tulikubaliana sote. Nikamwambia fundi wako kwamba ni ya kulia. Gari hili nimeliendesha miaka kumi na moja, nalijua kuliko ninavyowajua wanangu.

2. Fundi akalipiga jeki, akazungusha gurudumu moja moja kwa mkono, akalalamika kwamba nyundo za wenzake hazimpi nafasi ya kusikia. Mama mkwe wangu, niliyekuwa nampeleka sokoni, akafungua mkoba. Huyu ni mkunga mstaafu, na bado anatembea na kile kitarumbeta cha mti ambacho wakunga husikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akakibandika kwenye ekseli, akatega sikio, akatangaza kwamba mgonjwa ni wa kushoto na wa kulia ni mzima kabisa. Na fundi wako, mtu mzima na ovaroli lake, akasema ahsante Mama, akaandika KUSHOTO kwa chaki kwenye kioo changu! Jamani! Shahidi gani huyo asiyejua hata kuwasha gari?

3. Mambo hayakuishia hapo. Jirani mmoja kaleta pampu ya maji isikilizwe, mwingine friji. Mama hajakosea hata mara moja, na hilo limempa ujasiri usiofaa. Jumapili nimejinyoosha kwenye kochi baada ya chakula, nikashtukia mti kifuani. Ananisikiliza mimi! Unajua mwenyewe, mtu hamsukumi mama mkwe wake. Nikatulia kama gari juu ya jeki. Akamwita mke wangu, akamwambia moyo wangu unaruka mapigo, nipelekwe hospitali upesi.

4. Sasa pima mwenyewe. Kama Mama kapatia gurudumu, kapatia na moyo. Mke wangu ameshatoa hukumu: gurudumu lifunguliwe, ikionekana ni la kushoto, nakwenda kwa daktari bila rufaa. Ndugu Msimamizi, hospitali naiogopa, sikufichi. Baba yangu aliingia kwa miguu yake, akatolewa amebebwa.

5. Kwa hiyo naomba mbadilishe beringi ya kulia, mnipe barua yenye muhuri kwamba ilikuwa imekwisha, na ya kushoto muijaze grisi inyamaze mpaka Mama arudi kwake. Nimeshamwomba fundi wako hayo. Kakataa katakata, ati yeye hafungui kizima akaacha kibovu. Ukaidi mtupu! Naomba aonywe kwa maandishi.

Nisalimie mafundi wote, mpiga rangi, fundi umeme, hata huyo Mzee wa Jeki, sina kinyongo naye. Mke wangu anawasalimu. Mama hajui kama naandika.

Ni mimi mteja wako mwenye subira,
Karani wa gari jeupe

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nakuletea mwenyewe jana asubuhi. Gurudumu likakaza kwenye mteremko wa posta, likakataa kabisa kuzunguka. La kushoto. Nikaliacha gari, nikaja kwa miguu, na hatua chache kabla ya lango lako kifua kikanibana nikakaa chini. Fundi wako ndiye aliyenikuta, akanikimbiza hospitali kwa gari la mteja. Naandika haya nikiwa kitandani. Daktari anasema ningechelewa kidogo tu, mngekuwa mnazika. Alipoambiwa nilishaonywa kuhusu moyo, akauliza nani aliyegundua mapema. Nikamwonyesha Mama, aliyenishika mkono tangu jana bila kunisimanga hata neno moja; afadhali angenisimanga. Badilisheni beringi ya kushoto. Ya kulia msiiguse, Mama amesema ni nzima.