Unga wa Viazi kwenye Kopo la Venla

Jumatatu, 2 Oktoba
Sijapata kumwambia mtu: kwenye kopo la Venla hamna unga wa maganda ya mayai. Mna unga wa viazi, ule mama anaokorogea uji wa matunda ya porini. Mimi ndiye niliyebadilisha. Wiki mbili sasa, na mezani uso wangu mkavu!

Venla ni binti wa Jorma, aliyemwoa mama. Mbwa wao Tuisku anakula nyama mbichi iliyosagwa na mifupa yake, juu yake Venla ananyunyiza mwani, mafuta ya samaki na maganda yake ya mayai. Anapima kwa kijiko kama mfamasia. Manyoya yanang'aa, vikombe vya mashindano ya mbwa vimejaa rafuni. Nataka yafifie kabla ya shindano la Jumamosi. Kidogo tu. Si dhambi kubwa.

Paka wangu Misse anakula silakka, visamaki vya bahari yetu, vibichi, basi. Asili haina kijiko.

Leo ugomvi tena kwenye friza. Mama kachoka. Kasema Alhamisi Tuisku na Misse wote wawili kwa daktari wa mifugo; mnyama atakayeonekana na afya zaidi, mwenye naye ndiye atakayewalisha wote. Kasema kwa Kifini. Siku hizi hata mimi ananisemesha Kifini, ili Jorma asijihisi mgeni. Kiswidi, lugha yangu na mama, nimebaki nacho na Misse.

Jumanne, 3 Oktoba
Misse karuka dirishani, kakosa. Kaanguka chali! Venla kacheka: “We Alvar, paka wako kalewa?” Jibu kali lilinijia baadaye, napiga mswaki.

Kisha akasema, eti kwa upole, silakka mbichi peke yake humnyang'anya paka vitamini, nimwongezee chachu. Nikamwongezea Misse silakka. Kwa ubishi tu, maana kasema Venla.

Jumatano, 4 Oktoba
Balaa. Tuisku anarukaruka kama mtoto wa mbuzi! Zamani alikuwa anajikamua vichakani hadi huruma, kinyesi kigumu kama chaki. Sasa mambo laini. Jorma kampongeza Venla kwa unga wake. Unga wake! Viazi vyangu! Na siwezi kudai.

Alhamisi, 5 Oktoba
Daktari kamsifu Tuisku. Kauliza kama tumempunguzia kalsiamu, maana nyama yenye mifupa inayo tayari, na maganda juu yake yalikuwa yanamfunga tumbo. Venla kaapa hajapunguza chochote. Mimi nilikuwa nasoma bango la minyoo kwa bidii.

Kisha Misse. Shingo imepinda, mboni zimetanuka, miguu inapishana. Upungufu wa vitamini B1. Samaki wabichi ndio walioimaliza. Kapigwa sindano. Daktari kasema ningechelewa siku chache ningemzika. Mama kaniuliza kama hakuna aliyenionya. Venla katazama viatu vyake, hakunichongea. Hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Nikamfunika Misse kwa koti langu.

Jumamosi, 7 Oktoba
Tuisku kashinda. Kikombe kikubwa kuliko ndoo ya maziwa. Venla katangaza siri ni unga, kopo linakaribia kwisha, kesho atasaga maganda mapya na ataongeza kijiko.

Nimwambie? Tumbo la Tuisku litafunga tena. Lakini nikisema, nitasema na mengine. Hapana. Nitabadilisha na hilo jipya. Unga wa viazi tunao.

Misse anatembea wima. Mlishaji sasa ni Venla: mioyo ya kuku, chachu, kirutubisho cha taurini, kijiko. Jioni kamwita kwa Kifini, “Njoo, mzee wangu!” Na Misse kaenda. Kwa Kifini! Mimi nikamwita kwa Kiswidi, mara mbili. Kageuza sikio moja tu.

Basi nimewaza. Nina silakka watatu ndani ya buti langu la mvua, nyuma ya kabati. Mmoja kila jioni, kwa siri, mpaka akumbuke sauti ipi ni ya nani. Wachache tu. Nani kafa kwa visamaki vitatu? Wakiisha, nitatafuta wengine.

Nyayo kwenye ngazi. Si za Venla, yeye anakimbia. Zimesimama mlangoni. Mama. Anaita jina langu, na anasema Kiswidi, baada ya miezi yote hii! Anauliza mbona chumba kinanuka samaki.

Naficha ukurasa huu chini ya godoro, na buti…