Bundi wa Darasa la Sayansi

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku tano! Jumamosi msimamizi wa msitu atatembea na kundi la shemeji, kisha na langu, halafu atachagua mmoja wetu awe kiongozi wa kudumu wa matembezi. Atakayeshindwa atabaki kibarua. Kiongozi wa kudumu anapewa darubini ya ofisi, ufunguo wa lango na kofia yenye nembo. Kofia ile naiota.

Kikwazo ni kimoja tu. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Anajua kila kinachoota, kinachotambaa na kinachoruka. Leo nimejipenyeza katika kundi lake, uso nimeuficha chini ya mwavuli. Nia: kumwibia ujuzi.

Aliwaambia wageni wafumbe macho, akawapitishia jani alilolifikicha ili wanuse. Kisha akapiga magoti njiani, akainua kwa kijiti kifuniko kidogo cha udongo. Chini yake shimo, limetandikwa hariri. Nyumba ya buibui, ina mlango na bawaba! Miaka miwili napita pale, nimeikanyaga mara ngapi? Nikasahau kuiba chochote. Nilibaki kinywa wazi kama wageni wengine.

Mwishoni akaniuliza kwa upole kama mvua itanyesha.

Jumanne, 4 Machi

Kundi langu, watu saba. Nikawaonyesha tai juu ya mkuyu. Nikaeleza urefu wa mabawa yake na ukali wa macho yake. Upepo ukavuma, tai akapeperuka, akanasa kwenye mti wa pili. Mfuko wa plastiki. Nikasema hata takataka ni sehemu ya elimu ya mazingira.

Kundini alikuwepo Fundi, bibi mmoja mstaafu, mshonaji. Huja na kigoda chake kwa sababu ya magoti. Hii ni mara yake ya kumi na moja, na anataka kitu kimoja tu: kumwona bundi. Aliniambia, mwanangu, miaka arobaini nimetazama sindano. Sasa nataka kutazama kitu chenye macho makubwa, nacho kinitazame. Nikamuahidi Jumamosi. Kwa nini nilimuahidi? Mdomo wangu una kiherehere.

Lakini hebu fikiri. Atakayempa Fundi bundi mbele ya msimamizi, kofia ni yake!

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata! Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani anaye bundi aliyekaushwa na kujazwa pamba, yuko juu ya kabati la darasa. Jicho moja lake mwenyewe, la pili gololi. Nimemwazima hadi Jumatatu, kwa ajili ya utafiti.

Mke wangu alimkuta mezani wakati wa chakula. Akamgeuza atazame ukuta. Akasema kazi apewe anayeijua. Nikamwambia hata mimi ndivyo ninavyosema. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko bundi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempandisha mtini, nikamfunga kwa waya. Kazi ngumu. Siafu walishaniingia kwenye suruali nilipomsikia shemeji akipita chini, akihesabu uyoga kwenye daftari lake. Nikaganda. Nikauma meno. Hakuinua kichwa. Akasema tu, habari za huko juu, shemeji. Nikamjibu nzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hakika niandike. Naandika.

Zamu ya shemeji ilipita asubuhi. Watu walirudi wananong'ona kana kwamba wametoka kuona mtoto aliyelala. Kisha zamu yangu. Msimamizi yuko mbele na kalamu. Nyuma kabisa yuko shemeji, amejitolea kumbebea Fundi kigoda.

Nikanyoosha mkono. Bundi! Watu wakanyoosha shingo. Fundi akashika kifua. Dakika moja nilikuwa mtu mkubwa.

Ndipo wakaja ndege. Sijui walitoka wapi. Shore, chozi, na mlamba wawili weusi wenye hasira. Ndege wadogo humchukia bundi, wakimwona mchana humzomea mpaka ahame. Mimi ningejuaje? Huyu wangu hakuhama. Mlamba mmoja akamrukia kichwani. Wa pili akamchana tumbo. Pamba ikaanza kudondoka taratibu juu ya daftari la msimamizi.

Fundi akaomba darubini. Akatazama, akatazama. Akasema mshono ule ni wake. Aliushona mwenyewe, mwalimu wa sayansi alipomwomba. Uzi wa kahawia ulimwishia akamalizia na wa kijani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shemeji angeweza kunimaliza pale pale. Hakufanya hivyo. Aliinua kiganja, wote wakanyamaza. Akasema kwa sauti ya chini, waacheni huyu wa pamba, watazameni shore. Kwa nini wale watatu wametupa mgongo? Wanamzomea nani huko?

Akamshika Fundi mkono, wakasogea hatua kama kumi. Akamwonyesha kwa kidevu. Ndani ya majani ya mkuyu, rangi moja na gome, bundi. Mzima! Akafumbua jicho moja, kisha la pili, akamtazama Fundi.

Fundi alikaa kwenye kigoda chake akalia. Na mimi nikalia. Sioni aibu kuandika. Msitu mzima ulikuwa unapiga kelele, na mtu mmoja tu alijua unasema nini. Ningempa kofia mimi mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Wamempa kofia. Inampendeza. Mimi nimebaki kibarua, mbeba kigoda. Shemeji amesema atanifundisha ndege mmoja kila wiki, nianze na shore. Mke wangu amesema hii ndiyo nafasi ya kujifunza. Nimekubali kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemrudisha bundi, amepungua tumbo. Mwalimu hakuwepo. Kabatini nikakutana na nguchiro aliyekaushwa, mzuri sana, mkia tu umelegea. Na Fundi ndiyo kwanza amesema angependa kuona nguchiro!

Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa bundi. Kosa lilikuwa uzi.

Nimempeleka nguchiro kwa fundi wa mtaa wa pili, bwana asiyejua njia ya msituni. Nikasisitiza uzi wa rangi moja. Akasema nisiwe na wasiwasi: kazi nyeti kama hii huwa haigusi mwenyewe, humpelekea mwalimu wake, bibi mmoja mstaafu asiyeachana na kigoda chake.

Nikamshukuru sana. Siku hizi mafundi makini ni wachache.